UKURASA WA AFYA: Meno ya Kahawia na Maji Tunywayo

Tabibu wa meno anayejitayarisha kwa mtihani wa kuingia masomo ya shahada ya juu hana budi kulijua jambo hili: ni umri gani ambao madini ya floraidi huweza kuharibu gamba la meno? Jibu ni fupi: tangu kuzaliwa hata miaka 8. Yeye hupata alama yake akapita. Lakini kwetu Babati jibu hilo yafaa lijulikane na kila mama.

Twawaona vijana, hasa wasichana, wakifunika mdomo kwa ncha ya mtandio kila wachekapo. Wazazi wengine huwakaripia kwamba hawasugui meno. Huko ni kuwaonea. Mswaki ni sunna ya Mtume wetu (s.a.w.), wala hatuuachi, lakini mswaki huondoa kilicho juu ya jino, na doa hili limo ndani ya gamba lenyewe. Wasuguao kwa mchanga na ndimu huzidi kulila gamba.

Asili yake ni maji. Sisi tu watu wa Bonde la Ufa, na miamba ya volkeno huyapa maji ya ardhini floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja. Visima vingi vya kaskazini mwa Tanzania hupita hapo. Tena visima viwili vya jirani huweza kutofautiana sana, basi usiseme, "Maji ya fulani ni mazuri, na yangu pia."

Meno ya mbele ya ukubwani huanza kujengwa ndani ya ufizi mtoto akiwa na miezi michache tu. Floraidi ikizidi, gamba halikomai, hubaki na vitundu visivyoonekana kwa jicho. Jino hutoka mnamo miaka 7 likiwa na weupe wa chaki, kisha hugeuka kahawia. Doa tulionalo leo ni habari ya maji ya miaka mingi iliyopita! Hata wataalamu walitatizika: huko Colorado, Marekani, Frederick McKay alianza kuyachunguza meno kama haya mwaka 1901, na sababu haikujulikana hata 1931.

Tufanyeje? Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji hupungua, yenyewe ikabaki. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo mno, ijapokuwa mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima hicho. Akiisha kuachishwa, mtoto atengewe maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi. Magadi tutiayo katika maharage na makande mengine yana floraidi nyingi. Chakula cha mtoto kisitiwe. Huko Ngurdoto, Arusha, maji husafishwa kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Msomaji atauliza, mifupa ya mnyama gani? Swali ni la haki, na amwulize muuzaji kabla ya kununua.

Waliokwisha kupata madoa wasikate tamaa; tabibu wa meno aweza kuyapunguza au kuyafunika. Na mwenye kisima nyumbani apeleke chupa ya maji yake kupimwa katika maabara ya maji, kabla mtoto mwingine hajazaliwa.