Mcheza Kwao Hutuzwa

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Maana yake si ngumu: mtu aliyeicheza ngoma ya nyumbani kwa moyo wake wote hastahili kutoka uwanjani mikono mitupu. Leo nataka kukusimulia, kijana msomaji, habari ya uwanja mmoja ambao mcheza kwao hakutuzwa. Alizimiwa taa, akafungiwa mlango, akaachwa nje pamoja na risiti yake. Uwanja huo haukuwa wa udongo wala wa nyasi. Ulikuwa mchezo wa kompyuta.

Najua wako watakaocheka. Watasema kwamba michezo ya kompyuta ni upuuzi wa watoto, na kwamba mtu mzima hana haja ya kupoteza wino kwa ajili yake. Nawajibu kwamba dhuluma haipungui uzito kwa kuwa imetendwa mahali pa kucheza. Aliyelipa amelipa, na fedha iliyonunua mchezo ilitolewa jasho sawasawa na fedha iliyonunua unga.

Tarehe 2 Desemba 2014 kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft ilitoa mchezo wa magari ulioitwa The Crew. Ndani ya mchezo huo ilichorwa nchi ya Marekani kwa kipimo kilichopunguzwa. Mchezaji aliweza kutoka New York upande wa mashariki, akaendesha gari lake mpaka Los Angeles upande wa magharibi, akipita miji, misitu, milima na majangwa. Wako waliosafiri pamoja na marafiki wa mbali, na wako waliopenda kusafiri peke yao. Kwa muda wa zaidi ya miaka 9 mashabiki wake walishinda mashindano, wakakusanya magari, wakazijua barabara zile kama mtu azijuavyo njia za kijijini kwao.

Lakini mchezo huo ulikuwa umefungwa kamba mguuni. Haukuchezeka pasipo intaneti, hata kwa mtu aliyecheza peke yake chumbani mwake. Kila ulipowashwa, ulibisha hodi kwanza kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazohifadhi na kutoa habari za mchezo. Seva zikiitikia, safari ilianza; zikinyamaza, safari haikuwapo. Basi aliyenunua alipewa gari, lakini ufunguo ulibaki mfukoni mwa muuzaji.

Katikati ya Desemba 2023 kampuni iliuondoa mchezo sokoni, ikatangaza kwamba seva zake zitazimwa. Tarehe 31 Machi 2024 zikazimwa kweli. Gari likasimama njiani. Hapo haukufa ule upande wa mashindano ya watu wengi tu. Ulikufa mchezo wote, pamoja na hadithi yake ambayo mtu aliweza kuicheza bila mwenzi. Hazikupita siku nyingi, wachezaji wakakuta kwamba hata haki ya kuutumia mchezo imefutwa katika akaunti zao. Kampuni ilitaja mambo ya mitambo ya seva na mipaka ya leseni, ikaona imemaliza maneno.

Sasa tazama, msomaji, jambo moja ambalo lanichoma kuliko mengine yote. Walioununua mchezo siku za karibuni waliambiwa kwamba huenda wakarudishiwa fedha zao. Ni haki, wala sina neno juu yake. Lakini yule aliyenunua tangu mwanzo, aliyekaa na mchezo huo mwaka baada ya mwaka, aliyewaalika rafiki zake nao wakanunua, yeye aliambulia nini? Hakupata fedha, wala hakupata njia ya kuendelea kucheza. Mgeni wa jana alifikiriwa, na mwenyeji wa miaka 9 akasahauliwa. Kwa desturi zetu, asante ya namna hii tunaijua: ni asante ya punda, nayo ni mateke.

Si haki kumhukumu mtu bila kusikiliza utetezi wake. Basi na tuzisikilize hoja za wenye kampuni, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza yasema kwamba hakuna kitu kidumucho milele. Mkuu wa kampuni hiyo, Yves Guillemot, alitoa maneno ya maana hiyo mbele ya wenye hisa mwezi wa Julai 2025. Ni maneno ya kweli, lakini hayajibu swali lililoulizwa. Hakuna aliyeitaka kampuni ilipe umeme wa seva mpaka kiama. Baiskeli yangu nayo haitadumu milele. Itaota kutu, na matairi yatakwisha. Lakini ikifa, itakufa mikononi mwangu, kwa uchakavu wake. Fundi aliyeniuzia hana ruhusa ya kuja usiku kuing'oa minyororo, kisha asubuhi akanihubiria kwamba vitu vya dunia hupita.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wachezaji wawili waliposhtaki huko California mwezi wa Novemba 2024, kampuni ilijitetea kwa kusema kwamba wanunuzi hawakununua mchezo wenyewe. Walipata leseni tu, yaani ruhusa ya kuutumia. Haya, na iwe hivyo. Lakini mbona neno hilo husikika mahakamani tu, na dukani halisikiki? Dukani mtu huonyeshwa neno "nunua" kwa herufi kubwa za kupendeza. Neno "ruhusa" hufichwa ndani ya kurasa ndefu za masharti ambazo hata wakili angezisoma kwa kupiga miayo. Kama ni kukodisha, semeni ni kukodisha, na mtaje kodi ni ya muda gani. Nyumba ya kupanga haiuzwi kwa bei ya nyumba ya kununua. Jimbo la California lenyewe liliona hila hiyo. Lilitunga sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria haitungwi kukataza kosa ambalo halitendwi.

Hoja ya tatu ni ya watu wanaosema kwamba mashabiki wamekwisha kufaidi miaka 9, basi watake nini tena? Hoja hii ni ya mtu asiyejua maana ya kununua. Haki ya mnunuzi haipungui kwa sababu amekitumia kitu chake vizuri. Kama ingekuwa hivyo, mwenye jembe angenyang'anywa jembe kila amalizapo palizi. Tena fikiri: wachezaji wale hawakuchukua tu, walitoa. Mchezo wa kukutana mtandaoni hauwi na uhai pasipo watu wa kukutana nao. Mashabiki ndio waliofundisha wageni, waliounda vikundi, waliousifu mchezo kwa rafiki zao bila kulipwa mshahara. Nusu ya bidhaa iliyouzwa ilikuwa kazi yao wenyewe.

Hoja ya nne husemwa na chama cha kampuni za michezo ya video barani Ulaya. Husema kwamba si rahisi kuwaachia wachezaji waendeshe seva zao wenyewe, kwa kuwa ulinzi wa habari za watu na uzuiaji wa maovu huenda ukapotea, na wenye haki wakabebeshwa lawama. Hoja hii ina kiini cha ukweli, nami siidharau. Lakini haiwezi kumhusu mtu anayetaka kuendesha gari la picha peke yake chumbani mwake. Yeye hana habari za mwenzake za kulinda, wala hana wa kumtukana.

Isitoshe, vitendo vimekwisha kuzijibu hoja hizi kuliko maneno yangu. Mwezi wa Septemba 2024, baada ya kelele za mashabiki kuzidi, kampuni ileile iliahidi kwamba michezo iliyoufuata ule wa kwanza, The Crew 2 na The Crew Motorfest, itapewa njia ya kuchezwa bila intaneti. Mwaka 2025 The Crew 2 ikapewa. Kumbe iliwezekana! Na mwezi wa Septemba 2025 mashabiki wenyewe walitoa programu waliyoiita The Crew Unlimited, inayofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na seva zilizozimwa, na mchezo wa kwanza ukafufuka. Waliifanya kazi hiyo watu wa kujitolea, bila hazina ya kampuni na bila siri zake. Basi aseme nani tena kwamba jambo lilishindikana? Halikushindikana, lilikosa mtu wa kulijali.

Wala si jambo jipya. Kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Doom mwaka 1993. Mwaka 1997 iliwapa watu msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayouendesha mchezo, ili kila mwenye ujuzi aurekebishe apendavyo. Matokeo yake yako wazi: zaidi ya miaka 30 imepita na watu wangali wakiucheza, wakiutengenezea nyanja mpya, na jina la waliouunda lingali likitajwa kwa heshima. Kampuni iliyowaamini mashabiki wake haikufilisika kwa kuwaamini. Iliongeza umaarufu ambao tangazo la biashara haliwezi kuununua.

Yafaa sasa tuwatazame mashabiki walivyotenda, maana humo mna fundisho kwa kijana. Hawakuvunja madirisha, wala hawakuishia kunung'unika. Mwezi wa Aprili 2024 Mmarekani mmoja, Ross Scott, alianzisha harakati iitwayo Stop Killing Games, yaani acheni kuua michezo. Walisoma sheria, wakauliza maswali serikalini, wakatumia utaratibu wa Umoja wa Ulaya unaowaruhusu raia kupeleka ombi lao wakipata sahihi 1,000,000 katika muda wa mwaka mmoja. Kwa miezi mingi sahihi zilisuasua, na wengi walisema shauri limekufa. Kufikia tarehe 31 Julai 2025, siku ya mwisho, zilikuwa zimepita 1,400,000. Ombi lao lilikuwa la kiasi: kampuni ikitaka kuacha kuuhudumia mchezo iliouuza, iuache katika hali ya kuchezeka. Hawakudai sadaka, walidai wasinyang'anywe.

Huenda ukauliza: haya ya Ufaransa na California yanihusu nini mimi niliye Kenya? Yanakuhusu sana. Mchezo anaoununua kijana wa Paris, ndio huohuo anaoununua kijana wa Kisumu au Mombasa, kwa masharti yaleyale, na siku seva zikizimwa huzimika kwa wote wawili. Nasi tuna neno la kusimamia. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua, na haki ya kulindwa katika maslahi yake ya kiuchumi. Haki hizo hazikuandikiwa unga na sabuni peke yake. Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe ni sawa na taa iliyofunikwa chungu.

Tena jambo hili ni pana kuliko michezo. Leo vitabu, nyimbo na picha nyingi huuzwa kwa namna ileile: mnunuzi hulipa, na muuzaji hubaki na ufunguo. Tukizoea kunyang'anywa vitu vya kuchezea bila kusema neno, tutakuwa tumejizoeza kunyang'anywa vitu vya kusomea.

Kwa hiyo, kijana msomaji, kabla ya kutoa fedha zako uliza maswali matatu. Je, nanunua au nakodi? Je, kitu hiki kitafanya kazi muuzaji akiondoka? Je, muuzaji huyu aliwatendaje wateja wake wa zamani? Swali la tatu ndilo kubwa, maana leo wewe ni mteja mpya unayebembelezwa kwa maneno matamu, na kesho utakuwa wa zamani.

Mchezo wa bao una mashimo 32 na kete 64. Aliyelichonga bao akiisha kuliuza, huenda zake. Wazee hulicheza barazani, huwarithisha wana wao, na hata mchongaji akifa bao halifi naye. Kazi ya mkono iliyo njema ndivyo ilivyo: hubaki kwa aliyeinunua. Kampuni zenye mitambo mikubwa na mali nyingi haziwezi kushindwa na uungwana wa mchonga bao. Na zikisema zimeshindwa, basi ni juu yetu tunaozilipa kuzikumbusha, kwa adabu lakini bila kuchoka, kwamba mcheza kwao hutuzwa.