Mwajiri ameshatoa madawati, bado uji na ufundi

Mwaka 2016 wimbo ulikuwa mmoja nchi nzima: madawati. Elimu bila ada ilikuwa imeanza Januari, watoto wakafurika darasa la kwanza, na walimu wakuu wakajikuta na wanafunzi wanaokaa sakafuni. Serikali iliomba msaada na wafanyabiashara wakaitika. Benki, viwanda, migodi, kila mwenye nembo ya kubandika alibandika. Picha zikapigwa, mkurugenzi upande huu, mkuu wa wilaya upande ule, na katikati mtoto mwenye sare mpya ambaye hakuna aliyemuuliza kama amekunywa chai.

Msaada ule ulikuwa wa kweli na ulifika mahali pake. Tatizo ni kwamba kwa kampuni nyingi mchango kwa elimu umebaki na sura hiyo hiyo hadi leo. Dawati, ndoo ya rangi, mabati, taulo za kike mara moja kwa mwaka, kisha hotuba. Kwenye mkutano unaofuata wa wafanyabiashara, wale wale waliotoa dawati wanalalamika kwamba kijana aliyemaliza shule hajui kazi. Ana cheti, lakini ukimpa futi kamba anaiangalia kama nyoka.

Mtu anayetaka kujua kijana huyo alipotelea wapi asianzie kidato cha nne. Aanzie kliniki ya watoto.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Udumavu hauishii kwenye urefu. Mtoto aliyedumaa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka anapofikisha miaka miwili, huathirika hata katika ukuaji wa ubongo, na baada ya umri huo kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu sana. Anaingia darasa la kwanza akiwa tayari nyuma ya mwenzake waliyezaliwa naye mwezi mmoja.

Ajabu ni kwamba mkoa ulioongoza kwa udumavu katika utafiti huo ulikuwa Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, na Njombe na Rukwa zilifuata kwa karibu. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine. Mahindi yapo, maharage yapo, viazi mpaka vinaoza, parachichi zinasafirishwa nje ya nchi. Maofisa lishe wamekuwa wakieleza sababu kwa miaka: uji wa mahindi yaliyokobolewa mpaka yakawa meupe, mlo mmoja wa aina moja, pombe, na zaidi ya yote muda wa mama. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto wa miezi mitano yuko nyumbani na dada yake wa miaka tisa, ambaye naye kwa hiyo hayupo shuleni.

Hapo ndipo mwajiri anapoingia, hata kama hakujua kuwa yumo. Ukanda huo una mashamba makubwa ya chai na misitu ya kupandwa, na wanawake wengi huchuma chai kwa malipo ya kilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua mapacha. Marekebisho ya mwaka 2025 yakamwongezea muda aliyejifungua mtoto njiti. Lakini ushauri wa afya ni mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Piga hesabu mwenyewe. Siku 84 hazifiki miezi mitatu.

Sheria hiyo iliona pengo hilo, ndiyo maana inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ila anayelipwa kwa kilo akitoka saa mbili anarudi na kapu jepesi, na mtoto mwenyewe yuko kilomita tano. Haki ipo kwenye karatasi, lakini ukiitumia unakatwa mshahara bila mtu kukukata. Kampuni inayojenga chumba cha watoto karibu na shamba, ikaweka mlezi, maji na jiko la uji, na ikamhesabia mama saa zake mbili kama kazi, imefanya jambo la elimu kubwa kuliko madawati 200. Haitapigwa picha nzuri. Matokeo yake yataonekana baada ya miaka saba, darasa la pili, mtoto anaposoma sentensi.

Mtoto akishafika shuleni, habari ya tumbo inaendelea. Ada imeondolewa, chakula hakikuondolewa kwenye mabega ya mzazi. Shule nyingi za kutwa hupika kwa mahindi na maharage yanayokusanywa na wazazi kupitia kamati ya shule, na kila mwalimu mkuu anajua uchungu wa siku ambayo sufuria liko jikoni lakini watoto 40 hawakuchangiwa. Wengine huwapa wote, wengine huwaambia warudi nyumbani saa sita. Hapa hahitajiki mwenye kiwanda. Mwenye mashine ya kusaga mtaani ni kiongozi wa biashara pia, na akikubali kusaga dona ya shule kwa bei ya umeme tu, gharama inashuka palepale. Msindikaji mkubwa anaweza kuuza unga uliorutubishwa kwa bei ya jumla kwa shule zote za kata. Mwenye lori linalorudi tupu kutoka mjini anaweza kubeba maharage.

Tuje kwenye ufundi, ambako waajiri wana sauti kuliko wanavyojua. Kuanzia Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika, na sekondari ikapata mkondo wa amali, ambapo mwanafunzi anasoma masomo ya kawaida huku akijifunza fani kama ujenzi, umeme au ushonaji. Kwa mzazi aliyezoea kuwa fundi ni yule aliyefeli, haya ni mageuzi makubwa. Kwa mwalimu ni swali la kila siku: karakana iko wapi? Mwanafunzi wa umeme asiyegusa waya ni mwanafunzi wa kuchora.

Karakana ziko viwandani. Ziko kwenye gereji, hoteli na kampuni za ujenzi. Mwajiri anayepokea wanafunzi wanane kwa wiki tatu kila muhula, akawapangia fundi mmoja mwenye subira, anaisaidia sera ya elimu kwa namna ambayo hazina haiwezi kuinunua. Na hapa wazazi wawe wakali kidogo. Kuna kujifunza na kuna kutumikishwa. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na aliye chini ya 18 hatakiwi kuwekwa kwenye kazi ya hatari. Anayejifunza kuchomelea apewe miwani na glavu kabla ya kupewa mashine. Jicho lililounguzwa na mwanga wa kuchomelea huuma usiku, mzazi akidhani ni vumbi, na wengi huja hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu walipakwa kwanza dawa za kienyeji. Mwajiri asiyeweza kununua miwani nane hajawa tayari kupokea wanafunzi.

Pesa za mafunzo, kwa upande mwingine, waajiri wanazitoa tayari. Kila mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile inayojulikana kama SDL, kwa asilimia ya mishahara yote anayolipa. Kabla ya mwaka 2021 tozo hiyo iliwagusa hata wenye wafanyakazi wanne. Kiwango kimekuwa kikishuka: kilikuwa asilimia 6 miaka ya nyuma, mwaka 2023 kikafika asilimia 3.5. Kushuka huko kulitokana kwa sehemu kubwa na kelele za waajiri wenyewe, na walikuwa na hoja, kwa sababu tozo nzito humfanya mtu aogope kuajiri. Lakini kelele zao zimekuwa za upande mmoja. Wamepigania sana kiwango, wakazungumza kidogo kuhusu matumizi: kiasi gani kinafika vyuo vya ufundi, kinanunua mashine zipi, na kwa nini chuo kinafundisha kwa mashine ambayo viwanda viliacha kuitumia zamani. Anayelipa ana haki ya kuuliza. Sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA iliweka hata viti vya wawakilishi wa waajiri kwenye bodi. Kiti kipo, swali ni nani anakalia na anarudi kuwaambia nini wenzake.

Yupo mwingine anayesahaulika, fundi aliyejifunza chini ya mwembe. Ana miaka 15 ya kukarabati injini na hana karatasi hata moja. Zabuni inapokuja anaambiwa alete cheti. VETA ina utaratibu wa kumpima mtu wa namna hii na kumrasimishia ujuzi wake bila kumrudisha darasani miaka miwili. Mwajiri akilipia upimaji wa mafundi wake watano, amefungua mlango kwa familia tano, kwa gharama isiyozidi ya sherehe moja ya mwisho wa mwaka. Wapo wanaosita, wakihofu kuwa fundi akipata cheti atahama. Hofu hiyo si ya kubeza. Ila fundi anayebaki kwa sababu tu hana pa kwenda hafanyi kazi kwa moyo, na wateja wanaliona hilo.

Kampuni inayotaka kutoa fedha taslimu nayo ina njia. Sheria ya Mfuko wa Elimu ya mwaka 2001 ilianzisha Mamlaka ya Elimu Tanzania, na mchango unaotolewa chini ya sheria hiyo hutambuliwa kwenye hesabu za kodi ya mapato. Wenye migodi wana wajibu zaidi: mpango wao wa mwaka wa kusaidia jamii lazima ukubaliwe na halmashauri. Ni vizuri wananchi wa kata husika wakajua hilo, kwa sababu mpango unaoandaliwa bila kuwauliza wazazi huishia kuwa uzio wa shule ambayo haina choo cha wasichana.

Kisha kuna meza ya mazungumzo. Baraza la Taifa la Biashara lilianzishwa mwaka 2001, mwenyekiti wake ni Rais, na lina mabaraza ya mikoa na wilaya. Huko serikali na wafanyabiashara hukaa pamoja, na yanayosikika zaidi ni kodi, leseni, vibali na barabara. Mambo halali yote. Lakini mwenye hoteli anayekosa wapishi na mwenye kiwanda anayekosa mafundi wana hoja ya elimu ambayo mwalimu mkuu hawezi kuitetea peke yake mbele ya mkuu wa wilaya.

Na tarehe ipo. Kwa mitaala mipya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioanza nayo darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba wa mfumo wa zamani. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Madarasa, walimu, vyoo, maji, sufuria za uji, karakana za amali, vyote vitahitajika mara mbili. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na bajeti ya halmashauri hujadiliwa miezi mingi kabla. Baraza la biashara la wilaya linalotaka kusikika kuhusu Januari 2028 liweke jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho, na limwite mwalimu mkuu mmoja na ofisa lishe mmoja waje na hesabu zao.