Wanaowafunda Vijana Wetu Wapewe Ufunguo wa Sanduku

Agosti mwaka jana tulilala sakafuni na wasichana 46 katika ukumbi wa kanisa letu, kijijini karibu na Runyenjes, siku sita mfululizo. Akina mama 31 walileta kila mmoja gorogoro ya mahindi na nusu ya maharagwe. Sufuria tuliazima kwa chama cha mazishi, kuni tulibeba wenyewe. Asubuhi tulisoma Biblia. Kabla ya chakula cha mchana tulizungumza kuhusu mwili na hedhi. Baada ya chai ya jioni tulifundisha sheria: msichana akinajisiwa aende wapi, amwambie nani, apige namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, na asioge wala kufua nguo zake kabla ya kuonwa na daktari. Jumamosi wazazi wakaja, vyeti vikatolewa, vigelegele vikapaa.

Kutoka sanduku la kanisa hatukupata hata shilingi moja. Tulikuwa tumeomba 18,000. Kamati ya fedha, wanaume saba na mama mmoja anayeandika kumbukumbu, ilijibu kwamba pesa zimekwisha kwenye ua wa mawe. Desemba ilipofika na wavulana wakaingia tohara, kamati hiyohiyo ililipa muuguzi, ikanunua magodoro, ikachinja fahali. Sina kinyongo na wavulana wale. Wengi nimewafundisha kusoma, maana nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 33 kabla ya kustaafu. Ninachosema ni kwamba wanaowafunda vijana wetu hawana sauti juu ya pesa za kuwafunda, na gharama ya jambo hilo wanalipa watoto.

Mimi ni mzaliwa wa Imenti huko Meru, upande wa Nkubu, niliyeolewa Embu. Mwaka 1956 mama yangu alikuwa msichana wa miaka 14. Aprili mwaka huo wazee wa baraza la Njuri Ncheke, kwa msukumo wa serikali ya kikoloni, walipiga marufuku ukeketaji Meru yote. Nia ilikuwa njema. Lakini baraza lile ni la wanaume, na wanawake wazee walioshika jambo hilo tangu jadi hawakuwa na kiti pale. Wasichana wakanunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakakeketana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa, wakiwemo watoto hao pamoja na wazazi wao. Mama alinisimulia haya mara moja tu, tukichambua maharagwe, na hakuinua macho.

Miaka 40 baadaye, Gatunga katika nchi ya Tharaka, jambo lilelile lilishikwa kwa mkono mwingine. Agosti 1996 akina mama wa chama cha Maendeleo ya Wanawake, wakisaidiwa na shirika la PATH, walikusanya mabinti wa familia takriban 30. Waliwatenga kama desturi ilivyotaka, wakawafunda wiki nzima, kisha wakawatoa hadharani kwa nyimbo na zawadi. Wembe haukuwepo. Waliyaita mafunzo hayo Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Sheria mahususi ya kupiga marufuku ukeketaji nchini ilikuja mwaka 2011. Akina mama wa Gatunga walikuwa wametangulia kwa miaka 15. Mwaka 1998 uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba asilimia 38 ya wanawake Kenya walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 15. Shule, sheria na mahubiri vyote vina sehemu yao katika ushindi huo. Lakini sisi wa huku tunajua ni nani aliyeketi na mtoto usiku akamweleza kwa nini.

Amri ya 1956 ilitoka kwa wasiowafunda wasichana, nao wakaivunja. Neno la 1996 lilitoka kwa mama zao, nao wakalishika.

Mjini Meru tuna ushahidi mwingine. Ripples International, shirika la Kikristo chini ya uongozi wa Mercy Chidi, lilikuwa likiwapokea katika kituo cha Tumaini wasichana walionajisiwa, wengine na watu wa nyumbani mwao. Sheria ya Makosa ya Ngono ilikuwepo tangu 2006, ila kesi zilifia kwenye meza za polisi. Mwaka 2012 shirika hilo na wasichana 11 walikwenda Mahakama Kuu ya Meru. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau akaamua kwamba polisi, kwa kutochunguza ipasavyo, walivunja haki za watoto hao, akaagiza uchunguzi ufanywe upya na kwa bidii. Hukumu hiyo ni ngao kwa kila msichana wa Kenya. Huduma iliyoanza kwa kumpa mtoto uji na kitanda ilifika mpaka mbele ya jaji, kwa sababu aliyemwona mtoto akilia ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuamua hatua inayofuata.

Uwezo huo ndio tusio nao vijijini. Usiku wa tano wa mafunzo yetu, msichana mmoja alibaki nyuma tukiosha sufuria. Akaniuliza, "Mwalimu, tukishafunga hapa, nikiwa na neno nitakupata wapi?" Nilimwelekeza nyumbani kwangu. Lakini wapo wanaokaa ng'ambo ya mto, mwendo wa zaidi ya saa moja, na shule zikifunguliwa kila mmoja anarudi kwenye njia yake ya giza peke yake. Zile 18,000 hazikuwa za keki. Zilikuwa za sodo, na za nauli ya akina mama sita ambao wangewatembelea wasichana hao mara moja kwa mwezi hadi Agosti nyingine. Wiki moja ya mafunzo bila mtu wa kufuatilia ni mbegu iliyopandwa ikaachiwa ndege.

Wazee wetu, ambao nawaheshimu, hunijibu: akina mama mna vyama vyenu, Woman's Guild kwa Wapresbiteri, CWA kwa Wakatoliki, changeni huko. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jumapili yoyote, kuanzia Maua hadi Siakago, hesabu walioketi kwenye viti vya kanisa, kisha uniambie sadaka ile imetoka mikononi mwa nani. Mama atoe kwenye kapu la ibada, atoe tena kwenye chama, abebe na gorogoro kichwani, kisha aombe ruhusa ya kutumia kilicho chake?

Nayataka makanisa ya Meru na Embu yafanye mambo mawili. Walimu wa vijana na wa shule ya Jumapili wachague wenzao wawili waingie kamati ya fedha wakiwa na kura, si kalamu ya kumbukumbu pekee. Na kila muhula, sadaka ya Jumapili moja itengwe kwa mafunzo ya vijana, ya wasichana na ya wavulana kwa usawa, na hesabu yake isomwe mbele ya waumini. Wavulana nao watafaidika. Kijana wa Mbeere anayeacha darasa kuchuma muguka na mwenzake wa Igembe anayepanda mti wa miraa saa za masomo wanahitaji mtu wa kuwafuata mwaka mzima, si wiki ya Desemba tu.

Agosti inakaribia. Ninalo daftari ambamo nimeandika kila kitu cha mwaka jana: gorogoro za mahindi, pakiti za sodo tulizonunua kwa mchango wetu, nauli ya kila mama, na kando yake, bila majina, maswali ambayo wasichana waliuliza na hatukurudi kuwajibu. Nitaomba nafasi nilisome kanisani wakati wa matangazo, kabla sanduku halijapitishwa.