Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tunaomba fishi ya binti yetu

Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma, Kinshasa,

Mimi ni mzazi wa Bibokoboko. Kwa nini naandika nikiwa huku Baraka bondeni na si kule mlimani kwetu, unajua. Kama hujui, muulize mwenzako wa Ulinzi kilichotukimbiza Oktoba 2021. Lakini leo sikuandikii habari za vita. Nakuandikia kuhusu karatasi moja, fishi ya matibabu.

Binti yetu ana miaka saba na hasikii. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa akiimba kwaya ya watoto, tena kwa sauti ya juu kuliko wenzake.

Aliposhikwa na homa tulimpeleka kituo cha afya ambacho sikitaji hapa, jina lake tunaliwekea mahakama. Nesi alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea. Malaria. Mama yake akaeleza kwamba mtoto alikuwa amemaliza vidonge vya malaria mwezi huohuo. Hakuna aliyejali. Wataalamu wako wanajua kwamba vipimo vingi vya aina hiyo hunasa protini ya kijidudu, na kwamba protini hiyo inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya kijidudu kufa. Mstari ule huenda ulikuwa wa ugonjwa uliokwisha kupona.

Usiku mama yake alitaka kumnywesha maji, akajaribu kumwinamisha kidevu kifikie kikombe. Shingo ilikataa. Mgongo wote ukajipinda kwa nyuma kama upinde, mtoto akapiga yowe. Nesi aliitwa, akaonyeshwa. "Malaria kali hufanya hivyo, mama." Wakaongeza kwinini kwenye serumu. Kwinini, Mheshimiwa! Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linasema malaria kali ya mtoto itibiwe kwanza kwa artesunate, baada ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, hata hapo Kinshasa kwenu. Mtoto akalalamika masikio yanavuma. Tukaambiwa ni dawa, itapita. Ni kweli kwinini huvumisha masikio, na mara nyingi hupita. Kwa binti yetu haikupita.

Daktari wa hospitali nyingine tulikompeleka baadaye ndiye aliyemchoma sindano ya mgongo. Maji yaliyotakiwa kuwa maangavu yalitoka na ukungu. Meninjiti. Dawa ya seftriaksoni ilimwokoa uhai, na daktari yule tutamshukuru maisha yetu yote. Lakini hasikii. Mwalimu akimwelekea, anajaribu kusoma midomo; akigeukia ubao, somo limekwisha. Pikipiki zinampigia honi barabarani na yeye hasikii. Wadogo zake wamezoea kumvuta nguo. Gharama zetu na usingizi tuliopoteza tunajua wenyewe, sikuchoshi.

Najua utetezi utakaoletwa: kuziwika ni madhara ya kawaida ya meninjiti ya bakteria, huenda hata angetibiwa siku ya kwanza angeziwika. Huenda. Hilo waliamue wataalamu mbele ya hakimu, wakiwa na fishi mkononi. Ndiyo maana tuliiomba fishi: ilionyesha joto la namna gani, shingo ilipimwa au haikupimwa, nani alikuwa zamu.

Fishi imepotea.

Bili haikupotea. Bili ipo, safi, ina mhuri na sahihi, na tulizuiwa kutoka na mgonjwa mpaka tulipoilipa. Inataja kipimo cha haraka, kwinini, chupa za serumu, hata kitanda. Sindano ya mgongo haimo. Neno la kumpeleka hospitali kubwa halimo. Kituo kinachoweza kutunza hesabu ya kila chupa kimeshindwa kutunza ukurasa wa mtoto aliyewekewa chupa hizo. Hongera kwa mhasibu.

Wakili ametusomea kifungu cha 258 cha kanuni ya madeni, dekreti ya 30 Julai 1888: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ana wajibu wa kuilipa. Cha 259 kinaongeza uzembe. Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko babu yangu. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inatuhakikishia haki ya afya, na mwaka 2018 mlitunga sheria nzima namba 18/035 juu ya misingi ya afya ya umma. Sheria tunazo, Mheshimiwa. Karatasi ndiyo hatuna. Wala tusiambiwe kwamba haki haijui njia ya huku: mwaka 2011 mahakama ya kijeshi ya kutembea ilikuja hapa Baraka, ikasikiliza wanawake wa Fizi, ikamhukumu luteni-kanali waliyemshtaki miaka 20 jela.

Yule nesi simchukii. Mtu anayengoja posho isiyofika, peke yake usiku na boksi moja la vipimo, mmemweka nyinyi pale. Mnajenga vituo kwa hotuba, mnaviacha viishi kwa pesa za wagonjwa, kisha mnashangaa kinachoandikwa vizuri ni pesa. Milima yetu ina watoto wangapi waliozikwa kwa jina la malaria bila mtu kuwagusa shingo?

Tunaomba uagize fishi ya binti yetu itafutwe kwa ukaguzi, na aliyeiondoa ajulikane. Agiza pia kwamba katika kila kituo, mzazi anayelipa bili apewe nakala ya fishi siku hiyohiyo, chini ya mhuri uleule. Jibu tunalitaka kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Lisipofika, wakili atafungua kesi kwa bili peke yake, na Serikali itakuwa miongoni mwa washtakiwa.

Wako kwa heshima,

Mzazi wa Bibokoboko, Baraka