Risala ya Madereva na Wachuuzi wa Barabara Kuu ya Pwani Kuhusu Nguzo za Mabango

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Wahandisi na viongozi mliofuatana naye,

Sisi ni madereva wa daladala, malori na bodaboda, pamoja na mama lishe na wauza matunda wa kandokando ya barabara hii. Kwa heshima tunawasilisha kero zetu.

1. Nguzo ya bango kubwa la kuelekeza magari, ile yenye mkono mmoja uliokatiza juu ya njia, inatikisika. Semitrela likipita kwa kasi, upepo wake huusukuma mkono juu na chini, nao huendelea kucheza lori likiwa limeshatokomea. Msimu wa kusi hutikisika kutwa. Tuliporipoti tulijibiwa kuwa chuma ni kinene. Mheshimiwa, unene peke yake si kinga. Chuma kinachotikiswa mara mamilioni huchoka, hata kama kila msukumo ni mdogo kuliko uwezo wake, na ufa huanzia penye kiungo cha kuchomelea, hasa nguzo inapokutana na bamba la chini. Nchini Marekani, kanuni za usanifu za mwaka 2001 ziliwataka wahandisi wapige hesabu ya uchovu huo, upepo wa malori ukiwamo. Tunaomba nguzo ipimwe kwa mawimbi ya sauti, yanayobaini ufa usioonekana kwa macho, na hadi majibu yatoke, magari yasipite chini ya mkono huo.

2. Baadhi ya nati za kitako cha nguzo hiyo zimeibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Nyingine zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole, na bolti zilizosalia zinabeba mzigo wa zile zisizokazwa. Mama lishe anayepika jirani na nguzo hiyo, watoto wake wakiwa pembeni, ndiye aliyetuonyesha hali hiyo. Tunaomba nati zirudishwe, zikazwe kwa kipimo, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakatazwe kuzipokea.

3. Mchirizi wa kutu unaoshuka kutoka kwenye kiungo cha nguzo hiyo ulipakwa rangi, nao umejitokeza tena. Kutu ya namna hiyo huweza kuwa dalili ya ufa. Tunaomba rangi isipakwe kabla ya ukaguzi.

Mheshimiwa, tumevumilia muda mrefu kwa imani kuwa Serikali yetu inasikia. Uwezo wa kulimaliza jambo hili unao, na tunakuomba uagize ukaguzi uanze kabla ya kusi kurejea.

Tunaomba kuwasilisha.