SAFARI ISIYOSIMULIWA HUPOTEA: Nasaha kwa wazazi na vijana juu ya kuandika safari zetu





 Leo tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulipi uzito, nalo ni namna tunavyozisimulia na kuziandika safari zetu.

Sisi watu wa Gisenyi ni watu wa safari. Mji wetu uko ukingoni mwa ziwa na ukingoni mwa nchi. Wapo waliozoea kuvuka kwenda Goma asubuhi na kurudi jioni, wapo wanaokwenda Kigali, Kampala na Dar es Salaam kwa biashara, na wapo waliojaaliwa na Allah kufika Makka. Lakini hebu tujiulize, ni nani kati yetu ameandika walau kurasa mbili za safari yake ili mwanawe azisome? Tukimuuliza aliyerudi, jibu ni lile lile: "Alhamdulillah, tulikwenda salama, tumerudi salama." Kushukuru ni wajibu, wala hatusemi watu wapunguze kushukuru. Lakini anayeuliza anataka pia kujua ulichokiona.

KISA CHA MADRASANI KWETU

Baada ya likizo moja tuliwaambia wanafunzi wetu wakubwa, kila mmoja aandike safari aliyoifanya. Kijana mmoja alikuwa amekwenda Dar es Salaam na baba yake mdogo. Wenzake wote walimwonea wivu, nasi tulitarajia makubwa. Akaleta mistari minne: walipanda basi, walifika salama, mji ni mkubwa sana, na ilikuwa safari nzuri.

Binti mwingine hakuwa ametoka nje ya wilaya yetu ya Rubavu. Alimsindikiza bibi yake kwenye maji ya moto ya Nyamyumba, upande wa Rubona, kwa sababu bibi anaumwa magoti. Akaandika kwamba bibi alivua viatu, akaingiza mguu mmoja, akautoa haraka na kusema "Astaghfirullah!", kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akaandika kwamba walipokuwa wanarudi bibi alikataa kushikwa mkono, na alipofika nyumbani aliushika mwenyewe kwa sababu ya ngazi. Darasa zima lilinyamaza kumsikiliza. Binti wa kilomita chache alimshinda kijana aliyevuka nchi nzima ya Tanzania.

Tukamwita yule kijana pembeni, tukamuuliza maswali madogo madogo. Ulilala wapi njiani? Ulikula nini? Ulipoiona bahari mara ya kwanza ulifanya nini? Akaona haya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, nilichota maji kwa kiganja nikayaonja, nione kama kweli yana chumvi, maana ya ziwa letu hayana." Tukamwambia, mbona hilo hukuliandika? Akajibu: "Nilidhani hilo si la kuandika."

Ndugu zetu, ugonjwa wetu wote umo katika jibu hilo. Tunadhani la kuandika ni ukubwa wa mji na urefu wa majengo, na yale tuliyoyaonja kwa ulimi wetu wenyewe tunayatupa. Ukubwa wa Dar es Salaam kila mtu anausikia. Kiganja cha maji ya bahari alikuwa nacho yeye peke yake.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Katika Qur'ani Allah ametuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi na tutazame, kama tunavyoona katika Suratul An'aam na Suratul Ankabuut. Maulamaa na wasafiri wetu walitembea, wakatazama, na baadhi yao wakaandika.

Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325 kwa nia ya kwenda Hijja, akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1331 alifika pwani yetu ya Afrika Mashariki, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Ametuachia nini? Pale Mogadishu ametuachia sahani: wali uliopikwa kwa samli, na pembeni yake ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za kutiwa chumvi, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Pale Mombasa ametueleza kuwa misikiti ilijengwa kwa mbao, na kwamba mlangoni palikuwa na kisima na kata ya kuchotea, mtu anaosha miguu kisha anaifuta kwenye mkeka mnene ndipo aingie. Pale Kilwa ameeleza jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomsimamisha Sultani baada ya swala ya Ijumaa akamwomba nguo zile zile alizovaa, na Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akampa. Zimepita karibu miaka 700, na leo tunamjua Sultani yule kwa ukarimu wake, na waumini wa Mombasa kwa miguu yao safi.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya Waarabu peke yao. Waswahili nao waliandika kwa lugha yao. Selemani bin Mwenye Chande aliandika safari yake ya bara, na Salim bin Abakari aliandika safari yake ya mwaka 1896 iliyomfikisha Urusi na Siberia. Maandishi yao yalikusanywa na Mjerumani Carl Velten, yakachapishwa Ujerumani mwaka 1901. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba Kiswahili ni cha sokoni tu.

NAMNA YA KUANDIKA

Sasa, anayetaka kuandika safari yake ili wengine wafaidike, sisi tunamshauri mambo haya.

Kwanza, aandike mapema. Ibn Jubayr, aliyetoka Granada mwaka 1183 kwenda Hijja, aliiandika safari yake kwa tarehe, mwezi baada ya mwezi, ndiyo maana mpaka leo tunajua hasira aliyoipata Aleksandria pale maofisa wa forodha walipowapekua mahujaji mpaka viunoni. Hasira ya namna hiyo ukiingoja mwaka mzima inapoa, na maelezo yake yanapoa nayo. Kidaftari cha bei ndogo na kalamu vinatosha. Wakati wa kulala andika mistari mitano ya siku hiyo. Simu nayo inafaa, lakini picha haitakukumbusha harufu wala neno uliloambiwa.

Pili, usianze mbali. Wengi wetu tukiandika tunaanza na kuamka, kuoga, kunywa chai, na kuwashukuru watu ishirini, mpaka msomaji anachoka kabla hatujapanda basi. Anza pale safari ilipokushika. Kama ilikushika barabarani ukivuka milima ya kwenda Musanze na baridi ikakupata huna koti, anzia hapo hapo.

Tatu, weka watu. Safari ni watu zaidi kuliko majengo. Nani alikuonyesha njia? Alikwambia nini, kwa maneno yake mwenyewe? Yule mama aliyekugawia muhogo katika basi anastahili mistari yake zaidi ya hoteli uliyoipita.

Nne, mfikirie atakayefuata nyuma yako. Nauli ilikuwa kiasi gani, ulikaa njiani saa ngapi, msikiti uko upande gani wa kituo cha basi, chakula cha halali kinapatikana wapi. Hii ni sadaka. Atakayesafiri kesho atakuombea dua bila kukujua.

Tano, sema uliposhindwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, inamnyima mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake. Basi msimulizi ambaye hakuchoka, hakupotea wala hakuogopa, huyo anajisifu. Sisi wenyewe tuliwahi kuandika safari yetu ya Kigoma tukajaza mawaidha na vyeo vya wenyeji wetu kurasa sita, tukamsomea mke wetu. Alisinzia ukurasa wa pili. Tulipomweleza kwa mdomo jinsi tulivyopotea usiku tukabisha hodi nyumba isiyokuwa yenyewe, aliamka na kutaka kusikia mwisho. Jambo hilo hatukuwa tumeliandika!

AMANA YA MSIMULIZI

La sita tumeliweka peke yake kwa sababu ni zito, nalo ni ukweli. Msafiri ni shahidi, na mara nyingi hakuna wa kumpinga.

Mtakumbuka usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, na ndugu zetu wa Goma wakavuka kwa maelfu kuja kwetu na magodoro kichwani. Mwanafunzi wetu mmoja aliandika kwamba aliuona moto ukitiririka na kuunguza nyumba. Tukamwuliza, wewe ulikuwa wapi? Akasema alikuwa uani kwao, hapa Gisenyi. Basi uliona nini hasa? Akafikiri, akasema: "Niliona mbingu nyekundu, na mama alikuwa anahesabu watoto, akimaliza anaanza tena." Tukamwambia, andika hivyo. Akaandika, na ndugu zetu, hakuna aliyeisoma asishikwe na kitu moyoni. Uongo wake ulikuwa mkubwa na hauna uzito. Ukweli wake ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na mama ndani yake.

Hata kitabu cha Ibn Battuta wataalamu wamekikosoa hapa. Sehemu ya maelezo yake juu ya Damascus, Makka na Madina imeonekana kuchukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr aliyemtangulia. Kosa kama hilo linafuata jina la mtu karne nyingi baada ya yeye kufa. Na tumefundishwa kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alilolisikia. Basi tenganisha: hili nimeliona, hili nimeambiwa, na aliyeniambia ni fulani.

Lakini ukweli una mipaka yake, nayo ni stara. Aliyekulaza nyumbani kwake na kukupa alichonacho, usiende kuandika kwamba godoro lake limechakaa na watoto wake wana kelele. Ulikuwa mgeni, umekula chumvi yake. Vile vile tujichunge na ria. Safari ya Hijja iliyoandikwa ili watu wajue tumefika, na ile iliyoandikwa ili ndugu aliyebaki aitamani na aijiandalie, zinaweza kufanana kwa maneno, lakini kwa Allah hazifanani.

WAZEE WETU

Tunamalizia na jambo linalotuuma. Kulikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu, Allah amrehemu. Jioni moja mvua ilitufungia msikitini baada ya Magharibi, akatusimulia jinsi baba yake alivyotoka Ujiji enzi za Wajerumani, kwa mtumbwi na kwa miguu, mpaka akafika huku. Tunajua kwamba Waislamu wengi wa mwanzo kufika Rwanda walitoka upande wa Tanganyika, wakiwa wafanyabiashara, askari na makarani. Basi mzee huyu alikuwa mtoto wa mmoja wao, na alikuwa nayo yote kichwani: vijito, vijiji, majina ya waliomkaribisha baba yake. Mvua ikakatika, tukamwambia, "Mzee, tutakuja na daftari." Tukasema wiki ijayo. Ikaja shughuli, ikaja Ramadhani, tukasema baada ya Idi. Hakufika Idi.

Leo tunakumbuka mambo mawili tu: kwamba baba yake alibeba mfuko wa chumvi ya Uvinza begani, na kwamba alikuwa akiulalia kichwa usiku ili usiibiwe. Jina la kijiji alikooa limetupotea. Wajukuu zake wanatuuliza, nasi hatuna la kuwajibu.

Ndugu zetu, Ibn Battuta mwenyewe hakukaa na kalamu. Alirudi kwao baada ya karibu miaka 30, Sultani akaamuru asimulie, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaandika mpaka wakamaliza mwaka 1355. Mmoja alisimulia, mwingine akaandika. Hilo linawezekana katika kila nyumba yetu. Babu au bibi asimulie, mjukuu anayejua kuandika aandike. Siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, nusu saa tu. Asiulizwe "safari ilikuwaje", maana atajibu "ilikuwa nzuri". Aulizwe mlikula nini, mlilala wapi, nani alilia mlipoondoka.

Mzazi utakayesoma haya na baba yako angali hai, usingoje Idi.

Tunamwomba Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na azijaalie kalamu za watoto wetu ziwe za ukweli na za manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.