Kijibwa Hafundishwi kwa Ndara

Dada zetu,

Leo tunasema na nyinyi, na kupitia kwenu tunasema na waume zetu, kaka zetu na vijana wetu, maana wao ndio wanaoleta watoto wa mbwa nyumbani. Baba amechoshwa na wezi wa nazi, anataka mlinzi wa shamba, jioni anarudi na kijibwa ndani ya boksi. Asubuhi anakwenda zake kazini. Anayebaki naye ni mwanamke. Kijibwa akikojoa barazani au akitafuna ndara ya mgeni, fimbo inatafutwa, na lawama ni za mama: "Hukumwangalia?"

Sisi tunasema basi.

Tuanze na dini, maana wako wanaoifanya kisingizio. Ni kweli, kwa madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na kilichopata mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ni kweli pia kwamba mbwa hafugwi kwa mapambo. Hadithi zimemtaja wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Lakini ni wapi tumeambiwa kwamba najisi ni ruhusa ya kutesa? Imo katika Bukhari na Muslim habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Na Suratul Maida, Aya ya 4, inapotaja wanyama wa kuwindia, inawataja kuwa wamefundishwa na watu kwa elimu waliyopewa na Mungu. Wamefundishwa! Anayempiga kijibwa bila ya kumfundisha ameikimbia kazi yake mwenyewe.

Tena hiyo najisi ndiyo sababu ya kuanza mapema. Mbwa asiyejua mpaka wake ndiye atakayeukanyaga msala wako. Udongo uwahi ungali maji.

Wako wanaomsugua pua kwenye mkojo wake, wakidhani atajuta. Hajuti. Kijibwa huunganisha adhabu na jambo la wakati ule ule. Ukimpiga kwa mkojo wa nusu saa iliyopita, analojifunza ni kukuogopa wewe, na kesho atakojoa kwa siri nyuma ya mtungi. Ule uso wa kuinama mnaouita wa hatia ni uso wa hofu.

Kinachofanya kazi ni saa na subira. Kijibwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo muda mrefu. Mtoe kila akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla ya kulala, na baina ya hapo kila baada ya saa moja au mbili. Mpeleke pembe ile ile ya uani. Subiri naye. Akimaliza tu, msifu na umpe kipande kidogo cha samaki asiye na miba. Akikosea, osha vizuri, maana harufu ikibaki atarudi pale pale. Epukeni dawa za kusafishia zenye amonia, harufu yake inamkumbusha mkojo.

Na kutafuna? Kijibwa ana meno 28 ya utoto. Huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, na akifika miezi sita au saba huwa ameshaota meno 42 ya ukubwani. Fizi zinamuuma. Anayeacha ndara mlangoni asimlaumu. Wekeni viatu juu, kisha mpeni chake cha kutafuna: kitambaa kizito kilichopigwa fundo, kikaloweshwa na kugandishwa kwenye friji, au karoti nzima ya baridi. Kitambaa kikianza kuchanika, mnyang'anyeni asije akakimeza. Msimpe ndara kuukuu, kwani hajui kuitofautisha na mpya. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika vipande vyenye ncha. Wala gunzi la mahindi, linaweza kuziba tumbo. Akishika kitu chako, mbadilishie kwa chake. Ukimkimbiza, kwake huo ni mchezo.

Haya yote ni kazi ya miezi, na hapa ndipo penye ugomvi wetu. Nyumba ngapi humtupa kijibwa porini au ufukweni akiwa na miezi mitano, wakati ule ule meno yanapomsumbua, kisha wenyewe wanalalamika kwamba mbwa wa mitaani wamezidi? Tunaijua sote hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula. Kumtupa mnyama uliyemzoesha kulishwa kuna tofauti gani?

Kwa hiyo sharti letu ni moja. Mwanamme anayetaka mlinzi asimchukue kwa mama yake kabla ya wiki nane. Akifika miezi mitatu, ampeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa. Na kila alfajiri, akiwa na nguo zake za kazi, amtoe kijibwa uani mwenyewe, kisha aoge, atawadhe, aende msikitini. Akisema hana nafasi hiyo, basi hana nafasi ya mbwa. Ajenge ukuta.